PWEZA NYUMBANI: ANAYETAKA KUMFUGA AANZE NA MAJI

Katika matoleo yaliyopita tumesoma habari za ufugaji wa nyuki, sungura na kuku wa mayai, na sote tukafaidika. Mwaka huu nami nimeishika kalamu niwaeleze habari za mnyama ambaye nadhani hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumfuga. Mnyama huyo ni pweza. Naam, pweza yule yule wa baharini. Nilipolitaja jambo hili bwenini, rafiki yangu wa kitanda cha juu aliinua kichwa akauliza, "Kwani pweza si supu?" Bweni zima likaangua kicheko. Basi makala haya ni jibu langu kwake na kwa wote waliocheka.

Kwetu ni Msambweni, pwani ya kusini, katika Kaunti ya Kwale. Pale kwetu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa na mwamba ukabaki wazi, utawaona akina mama wakitembea juu ya mwamba na vijiti na vyuma vyembamba mkononi, wakichungulia shimo hadi shimo. Hao wanatafuta pweza. Bibi yangu ameifanya kazi hiyo tangu usichana wake. Kwa hivyo pweza kwetu si mgeni. Mgeni ni pweza anayekaa ndani ya nyumba akiwa hai.

Tuanze na mnyama mwenyewe

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, neno kwanza. Pweza yumo katika ngeli ya A-WA: pweza huyu, pweza hawa. Mikono yake huitwa minyiri, umoja wake mnyiri, ngeli ya U-I. Ana minyiri minane. Wengi wetu katika insha huandika "miguu ya pweza" au hata "mikia", kisha mwalimu akipitisha kalamu nyekundu tunanung'unika. Jamaa zake wa karibu ni ngisi na dome.

Pweza hana mfupa hata mmoja. Kitu kigumu pekee cha maana katika mwili wake ni mdomo, ambao umepinda kama mdomo wa kasuku na umefichika pale minyiri inapokutana. Ana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, na wa tatu huisambaza mwilini. Damu yenyewe ni ya buluu, kwa maana hubeba oksijeni kwa madini ya shaba, ilhali yetu hutumia chuma. Ana chembe za neva zipatazo milioni 500, na karibu thuluthi mbili ya hizo haziko kichwani bali zimo ndani ya minyiri. Vinyonyeo vyake navyo huonja kila vinachogusa. Hebu fikiria wewe umeshika chapati gizani, na kidole kikakwambia kama imetiwa chumvi! Hivyo ndivyo pweza anavyoishi.

Kuhusu kubadilisha rangi mmesikia. Anaweza kuwa kahawia, mara mweupe, mara ngozi ikafanya vinundu kama jiwe lenye mwani, na yote hayo kabla hujamaliza kupepesa jicho. La ajabu ni kwamba jicho lake lina aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, kwa hivyo wataalamu wanaamini haoni rangi kama tunavyoziona sisi. Mchoraji asiyeona rangi, na picha bado inafanana!

Pweza apatikanaye sana kwenye miamba yetu, wanasayansi humwita Octopus cyanea, jina alilopewa mwaka wa 1849. Tofauti na pweza wengi wanaotoka usiku, huyu huwinda mchana. Kwa mfugaji hiyo ni bahati, maana hutakesha na tochi ukimngoja. Lakini nataka mlishike jambo moja tangu sasa, nitalirudia mbele: maisha yake ni mafupi. Huishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo.

Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, aliandika kwamba pweza ni mjinga kwa sababu ukitia mkono majini huja kuugusa. Mimi nadhani mzee huyo alikosea. Anayekuja kuchunguza kitu asichokijua si mjinga, ni mwanafunzi. Aliyemtendea haki zaidi ni mwanamke Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa mshonaji nguo kabla ya kuhamia Messina, kisiwani Sicily. Mwaka wa 1832 mama huyu alitengeneza matangi ya kioo ili amchunguze akiwa hai argonauta, pweza mdogo ambaye jike lake hujitengenezea kombe jembamba kama karatasi. Watu walikuwa wakibishana kama kombe lile hulitengeneza mwenyewe au huliiba kwa mnyama mwingine. Kwa tangi lake akathibitisha kwamba hulitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo matangi ya kioo tuyaonayo leo yenye samaki wa rangi rangi katika mahoteli, mwanzo wake unahusu pweza. Wangapi walilijua hilo?

Tangi letu

Mjomba wangu ni mzamiaji. Huwakamata samaki wa mapambo wakiwa hai, ambao huuzwa ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 alileta nyumbani tangi kuukuu la kioo lililokuwa limetupwa kazini kwao kwa kuvuja pembeni. Tukakwangua gundi ya zamani, tukapaka silikoni mpya, tukaliacha likauke wiki nzima. Mimi na dada yangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba, tulikuwa tumeshaamua kitakachokaa humo. Tulimsihi mjomba mpaka akachoka.

Hapa kidogo hesabu, msikimbie. Tangi letu lina urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na kimo cha 50. Zidisha, utapata sentimita za ujazo 450,000, yaani lita 450. Hatukulijaza mpaka juu, tuliacha sentimita 5, kwa hivyo maji yalikuwa lita 405. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko ya kisima, lita moja ina kilo 1.025 hivi. Jumla ni kama kilo 415, kabla hujahesabu kioo, mchanga na mawe! Meza ya kawaida ya sebuleni itakusalimia kwa kuvunjika. Sisi tulijenga tofali.

Maji tuliyateka baharini, hatua mia tatu hivi kutoka nyumbani. Lakini si maji ya popote. Huteka wakati maji yamejaa, mbali na mito na mifereji ya taka, wala huteki baada ya mvua kubwa. Kwa wenzangu wa bara ambao bahari mnaiona kwenye ramani tu, chumvi ya bahari ni gramu 35 hivi kwa kila lita, kwa hivyo tangi kama letu lingehitaji kilo 14 na zaidi. Asije mtu akachukua chumvi ya jikoni akadhani amemaliza! Maji ya bahari yana kalisi, magnesi na madini mengine mengi ambayo chumvi ya ugali haina. Kuna chumvi maalumu ya matangi. Na maji ya mfereji lazima yaondolewe klorini kwanza. Kupima utatumia hidrometa, isome 1.025 au karibu na hapo.

Tukajaza. Tukatia mchanga, mtungi uliovunjika uwe pango, pampu ya kuzungusha maji na chombo cha kutoa povu. Chombo hicho hupuliza mapovu madogo madogo ndani ya maji, uchafu ukashikamana nayo na kupanda juu, nawe ukaumwaga. Siku ya tatu maji yalikuwa maangavu, kitabu ungekisoma upande wa pili. Mjomba alikuwa amesafiri kwenda Mombasa. Sisi wawili tukaenda kwa kijana mmoja wa pale ufuoni, akatuuzia pweza mdogo aliye hai kwenye ndoo. Tukamtia.

Siku ya kwanza alijificha mtungini. Ya pili alitoka akawa mweupe mweupe, akipumua mbio, mwili ukifumba na kufumbua. Akatoa wino. Tulidhani ameogopa. Siku ya nne asubuhi dada yangu alinikuta nikipiga mswaki, akasimama tu bila kusema. Pweza alikuwa amelala juu ya mchanga kama kitambaa.

Mjomba aliporudi hakugomba. Alitia mkono majini, akaunusa, akatuuliza tulisubiri siku ngapi. Tukamwambia. Akasema, "Sasa sikizani. Nyinyi hamfugi pweza. Mwafuga maji. Pweza ni mgeni wa maji."

Somo lenyewe

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu, na mwalimu wetu wa Biolojia amenisaidia kulipanga. Mnyama wa baharini hutoa taka, na taka hizo, pamoja na masalio ya chakula, hutoa amonia. Amonia ni sumu. Huioni, na maji yakiwa nayo bado yatang'aa. Baharini haina nguvu kwa sababu bahari ni kubwa, lakini ndani ya lita 405 inajaa upesi. Dawa yake ni bakteria. Wako bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wako wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule, nawe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa huishi kwenye mchanga, kwenye mawe na ndani ya chujio. Lakini hawaji siku moja. Tangi jipya halina jeshi lao. Wanahitaji wiki sita mpaka nane kuongezeka, na kwa pweza, ambaye ni mlaji mkubwa na mchafuzi mkubwa, afadhali miezi mitatu.

Kwa hivyo tulimuua yule wa kwanza kwa haraka yetu. Naandika hivyo hivyo bila kupamba, maana wako watakaosoma hapa wakatamani kujaribu.

Mjomba alileta konzi ya mchanga na kipande cha sponji kutoka kwenye tangi lililokuwa likifanya kazi siku nyingi, ili bakteria wapate mbegu. Kila siku tukawa tunatia kipande kidogo cha kamba kioze. Mama alilalamikia harufu, na alikuwa na haki. Kila Jumamosi dada yangu alipima kwa vichupa vya dawa vinavyobadilika rangi, akaandika ndani ya daftari. Amonia ikapanda, ikashuka. Nitriti ikapanda, ikashuka. Mimi nilirudi shuleni Januari, yeye akaendelea. Nilipofika nyumbani likizo ya Aprili 2024, ile iliyorefushwa kwa ajili ya mafuriko, alinifungulia daftari akanionyesha: sifuri, sifuri, wiki nane mfululizo.

Kuna adui mwingine ambaye lazima nimtaje, nao ni shaba. Nilisema damu ya pweza hutumia shaba. Lakini shaba iliyoyeyuka ndani ya maji, hata kidogo sana, humuua. Bomba la shaba, mfereji wa shaba, baadhi ya dawa za kutibu samaki, hata sarafu iliyodondoka, vyote ni hatari. Dada yangu aliwakataza wageni kuinama juu ya tangi wakiwa na bangili.

Sultani

Mjomba alimpata wa pili ndani ya kopo lililozama, nje ya mwamba. Alilifunika kwa kiganja akapanda nalo. Hakumdunga wala kumvuta, maana pweza aliyechomwa chuma ni wa chungu, si wa tangi. Alikuwa mdogo, hata robo kilo hakufika. (Anayetaka kufanya hivi aulize kwanza afisa wa uvuvi na kamati ya ufuo, BMU. Na ndani ya Hifadhi ya Kisite, kule karibu na Shimoni, hakuna ruhusa ya kuvua chochote.) Tulichanganya maji ya ndoo na ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa zaidi ya saa nzima, kisha tukamwacha aingie mwenyewe. Dada akamwita Sultani kwa sababu ya namna alivyokaa mtungini akitutazama.

Bibi alikuja kumwona. Alimtazama sana, akasema, "Miaka yote hii sijamwona akinitazama." Kisha akaongeza, "Lakini pweza hufugwa? Pweza hupikwa kwa nazi!" Na kila alipopita sebuleni alimwambia, "Shukuru Mungu uko humo."

Chakula chake kilikuwa kaa wadogo, kamba na kome, mara moja kwa siku. Kaa humrukia akiwa ametandaza minyiri kama mwavuli, humng'ata na kumtia sumu, halafu hutupa magamba mlangoni pa pango. Magamba hayo uyaokote siku hiyo hiyo, usije ukarudi kwenye habari ya amonia. Usimwekee samaki eti wawe marafiki. Atawala. Wala usimwekee pweza mwenziwe.

Sasa mfuniko. Nilisema hana mfupa. Maana yake ni kwamba tundu lolote linalopitisha mdomo wake linaweza kumpitisha mzima mzima. Mwaka wa 2016 habari zilienea duniani za pweza aliyeitwa Inky, wa tangi la taifa la New Zealand katika mji wa Napier. Mfuniko uliachwa wazi kidogo usiku, akatoka, akatambaa sakafuni, akaingia kwenye bomba la mita 50 hivi linaloteremka mpaka baharini, na hakuonekana tena. Wetu naye alijaribu. Jioni moja mwezi wa Juni dada alisahau komeo moja. Mama aliingia sebuleni akakanyaga maji, akapiga ukemi, na Sultani alikuwa karibu na mlango, amejaa vumbi, akielekea upande wa bahari. Sijui alijuaje upande. Walimrudisha kwa sufuria, akakaa siku mbili bila kula. Tangu hapo mfuniko uliwekewa makomeo manne na tofali mbili juu.

Stima nayo. Ninyi mnajua stima ya kwetu. Damu ya pweza haibebi oksijeni vizuri kama yetu, kwa hivyo pampu ikisimama yeye ndiye wa kwanza kuumia. Nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na betri zenyewe uziweke mahali ambapo redio ya baba haitazifikia. Usiku mmoja betri zilikuwa zimeisha. Dada yangu alichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, chota mwaga, chota mwaga, ili yashike hewa, kwa muda wa saa mbili na nusu. Daftari la siku hiyo limeandikwa kwa mkono unaotetemeka.

Likizo ya Agosti ndiyo ilikuwa tamu. Sultani alikuwa amekua, mnyiri wake ulifika nusu ya tangi. Tulimtia kaa ndani ya chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, tukafunga kifuniko. Siku ya kwanza aliikumbatia chupa karibu saa nzima, akabadilika rangi zote azijuazo, hatimaye kifuniko kikazunguka kama kwa bahati. Siku ya nne aliifungua kabla sijamaliza chai. Alimjua dada yangu pia. Akija yeye, hutoka pangoni. Nikija mimi, ambaye siku moja nilimgusa kwa ufagio wa kusafishia kioo, alinirushia maji usoni kwa kibomba chake. Msidhani natia chumvi. Huko Seattle, Marekani, watafiti walichapisha mwaka wa 2010 jaribio ambamo mtu mmoja aliwalisha pweza na mwingine, aliyevaa nguo zile zile, akawagusa kwa kijiti chenye nywele ngumu. Kabla ya wiki mbili kwisha pweza walishajua nani wa kumsogelea na nani wa kumkimbia.

Oktoba

Barua ya dada ilinifikia wiki ya mitihani. Ilisema: "Sultani si Sultani. Ametaga."

Lahaula! Hatukuwahi kumchunguza. Dume hujulikana kwa mnyiri wa tatu wa kulia, ambao ncha yake haina vinyonyeo na imechongoka tofauti. Mjomba alijua, ila hakuna aliyemuuliza. Tarehe 9 Oktoba 2024 alikuwa ameziba mlango wa mtungi kwa mawe na magamba, na ndani, darini, ametundika nyuzi za mayai madogo madogo, maelfu kwa maelfu. Jike la aina hii baharini hutaga mayai yanayofikia malaki.

Nilipofunga shule Novemba nilimkuta. Alikuwa haendi kokote. Kwa minyiri aliyapangusa mayai, kwa kibomba aliyapulizia maji safi, usiku na mchana. Dada alimwekea kaa mlangoni, kaa akazunguka weee, hata akamkanyaga mnyiri, naye akamsukuma tu kando. Hakula tangu alipotaga. Ngozi ilianza kupauka na macho kuzama.

Hivi ndivyo walivyo. Jike la pweza hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, na yanapoanguliwa hufa. Si njaa tu imuuayo. Karibu na macho ana tezi mbili ndogo. Mwaka wa 1977 mtafiti wa Kimarekani, Jerome Wodinsky, aliripoti kwamba aliziondoa tezi hizo kwa pweza jike wa aina nyingine waliokwisha taga, nao wakaacha mayai, wakaanza tena kula na wakaishi muda mrefu zaidi. Yaani kifo chake kimo ndani yake kama saa iliyotegwa. Nilimsomea dada habari hii. Akaniuliza, "Kwa hivyo hata tungefanya vizuri kila kitu?" Nikamwambia ndiyo, hata tungefanya vizuri kila kitu.

Lakini hilo halikumtosha, na kusema kweli halikunitosha mimi. Mayai yale hayakuwa na uhai. Sultani aliingia kwetu akiwa mtoto na hakuwahi kukutana na dume. Pweza jike hutaga hata hivyo, na hulinda hata hivyo. Mjomba aliyamulika kwa tochi akatuonyesha: ndani hakuna vidoa viwili vyeusi vya macho, ambavyo vingekuwa vimeshaonekana. Yalikuwa yameanza kuwa kama maziwa. Naye aliendelea kuyapulizia maji.

Tulibishana kama tumrudishe baharini. Mimi nilitaka. Mjomba alisema kumtoa pangoni sasa ni kumtesa kwa ajili ya kujiridhisha sisi, na mwambani wangemla saa ile ile. Dada hakusema kitu, alikwenda kupima maji.

Alikufa tarehe 19 Novemba, alasiri. Bibi, ambaye amewaponda pweza wasiohesabika juu ya mawe ili walainike, alikuja akakaa kwenye mkeka karibu na tangi, na habari ya nazi hakuitaja. Tulimzika chini ya mnazi nyuma ya jiko.

Wenzangu wataniuliza, je, mtu afuge pweza au asifuge? Mimi najibu kama mtu aliyefanya. Mwenye tangi la miezi mitatu, mfuniko wa makomeo, betri, kaa wa kila siku na mtu wa kukaa nyumbani, anaweza. Asiye na mtu wa kukaa nyumbani, yaani kila mwanafunzi wa bweni akiwemo mwandishi huyu, hafugi yeye. Kwetu aliyefuga ni dada yangu, na mimi ni mwandishi wa habari zake. Tena achague dume, kama anaweza kumtambua, ili asije akaona yale tuliyoyaona Novemba. Wala asithubutu kununua yule mdogo mwenye mapete ya buluu anayeuzwa na wafanyabiashara wa nje. Sumu yake huua mtu, na hakuna dawa ya kuiondoa.

Daftari nimelileta shuleni, liko kwa mwalimu mlezi wa chama, na anayetaka kulisoma aombe. Kurasa za mwisho zina sentensi moja moja. "Leo hakula. Maji sawa." "Leo hakula. Maji sawa." Kisha kuna ukurasa mtupu, na baada yake tarehe zinaendelea, kwa sababu tangi bado linafanya kazi. Ndani mna mchanga, mtungi, na kaa wale wawili watatu ambao hakuwala. Kila Jumamosi dada yangu hupima, huandika sifuri, sifuri. Mjomba hajauliza kama alete mwingine, nasi hatujamwambia.